Kuchagua tairi za makasia kwa kwadi: mwongozo kwa anayeshuka kutoka Nairobi

Nairobi haina tuta la mchanga. Mchanga tunaoujua ni ule unaomwagwa na lori mbele ya nyumba inayojengwa, na hata huo hufunikwa turubai mvua isije ikauchukua. Kwa hiyo mtu wa hapa akiamua kuipeleka matutani kwadi yake, ile pikipiki ya magurudumu manne, huchagua tairi kwa kutazama picha na kusikiliza maneno ya muuzaji. Nami nilianza hivyo. Nilikwenda Mambrui, pwani, na tairi za matope zenye meno marefu, nikiamini kwamba jino refu litafaa popote. Dakika chache baadaye tairi za nyuma zilikuwa zimechimba mashimo mawili na kwadi imelalia tumbo. Tuliivuta kwa kamba watu wanne, jua la utosi.

Mchanga mkavu haukamatiki. Jino linaloingia kwenye udongo na kuushika, kwenye mchanga hukata na kuchimba tu. Tairi ya makasia haijaribu kushika chochote. Mwili wake ni laini, hauna nakshi, na juu yake vimesimamishwa vibao vya mpira vinavyotoka ubavu hadi ubavu. Kila kibao huchota mchanga na kuusukuma nyuma, kama mpiga kasia anavyosukuma maji. Ukilishika wazo hilo la mtumbwi, maswali yote yanayofuata yanakuwa mepesi: makasia mangapi, ya kimo gani, na mpiga kasia ana nguvu kiasi gani. Mpiga kasia hapa ni injini yako.

Hatua ya 1: Ujue mchanga unaouendea

Kwa sisi wa Nairobi, matuta yanayofikika kwa urahisi ni ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukishavuka daraja la mto Sabaki. Ni safari ya kilomita kama 600. Mto huo ni Athi uliobadilisha jina njiani, ule ule unaopokea maji ya mto Nairobi. Huteremsha udongo na mchanga kutoka bara, bahari ikaurudisha ufukweni, na upepo ukaupandisha kuwa matuta. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba sehemu ya mchanga ule huenda ilitoka kwetu.

Mchanga wa Mambrui ni laini na, kiangazi, mkavu sana juu. Hapo ndipo makasia yanapostahili pesa yake. Chalbi ni jambo jingine kabisa. Watu husikia neno jangwa wakadhani ni matuta, kumbe sehemu kubwa ya Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare, ngumu, yenye chumvi. Ukienda nayo makasia pale utayasaga siku moja, na ikinyesha sakafu hiyo hugeuka tope ambalo kasia halina kazi nalo. Matuta yenyewe yapo upande wa North Horr, lakini ili kuyafikia unapita ardhi ngumu na miiba ya mathenge, kwa hiyo makasia hubebwa garini mpaka mwisho wa njia. Kuhusu matuta ya Shela, Lamu, nasema wazi: usiyaendee na kwadi. Yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu.

Jambo la mwisho kuhusu mchanga ni upepo. Upande ambao upepo unatokea, tuta huwa na mteremko wa pole na mchanga ulioshindiliwa. Upande wa pili mchanga huporomoka na kusimama kwa mwinuko mkali, karibu nyuzi 34, nao ni laini kupita kiasi. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini, basi upande mkali uko kaskazini. Kaskazi ikivuma, matuta huanza kujipanga upya. Mtu atakayepanda upande wa pole tu anaweza kuridhika na makasia ya wastani. Anayetaka kupanda upande mkali anahitaji makasia makubwa na injini ya kuyazungusha.

Hatua ya 2: Ipime injini, na uondoe hesabu ya Nairobi

Hapa ndipo mji wetu unapotudanganya. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu utaona kwamba kwadi yako ikiwa hapa inafanya kazi na upungufu wa zaidi ya asilimia 15. Ukishuka Mambrui unarudishiwa nguvu hizo zote. Kwa hiyo usichague makasia madogo kwa sababu tu kwadi huhema ikipanda vilima vya Ngong. Itakayokuwa mchangani ni mashine yenye nguvu zaidi ya hiyo unayoijua.

Kama injini yako ni ya kabureta, soma sehemu hii mara mbili. Kabureta iliyopimwa Nairobi huwa na jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha mafuta, inayolingana na hewa nyembamba. Pwani hewa ni nzito, mafuta yanayopita kwenye jeti hiyo hayatoshi, mchanganyiko unakauka na injini inachemka. Mchangani injini hubeba mzigo mzito mfululizo bila kupumzika. Pistoni nyingi zimeyeyuka kwa njia hiyo. Mwambie fundi wako mapema kwamba unashuka baharini, akuandalie jeti kuu kubwa kidogo, na mkifika mchomoe plagi muitazame baada ya kuendesha: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe ina maana mafuta hayatoshi. Kwadi za sindano za mafuta zinazodhibitiwa na kompyuta hujirekebisha zenyewe, lakini chujio la hewa linabaki kuwa kazi yako.

Jipime na wewe pia. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 110 hawaendeshi kwadi ileile hata ikiwa moja.

Hatua ya 3: Soma namba za tairi na za rimu

Ubavuni utakuta namba kama 20x11-9. Ya kwanza ni kimo cha tairi kwa inchi, ya pili upana, ya tatu kipenyo cha rimu. Yamaha Raptor 700, kwa mfano, hutoka kiwandani na 20x10-9 nyuma na 21x7-10 mbele. Tairi za makasia za kwadi za michezo mara nyingi huwa na upana wa inchi 11 kwa kimo cha inchi 20, na hupatikana za rimu ya 9 na ya 10, kwa hiyo usiagize kabla hujainama ukaisoma tairi yako mwenyewe. Kwadi ndogo za Kichina za cc 110 na 125 (cc ni ukubwa wa injini) nyingi hutumia 18x9.5-8 nyuma. Kwadi za shamba, zile za kubeba mizigo, zina rimu za 11, 12 au 14.

Nashauri ununue makasia pamoja na rimu zake. Hivyo unabadilisha magurudumu mchangani kwa spana moja na jeki, bila kumtafuta fundi wa tairi. Ila rimu zina mipangilio tofauti ya nati. Kwenye kwadi za michezo, Honda nyuma hutumia duara la milimita 110 na Yamaha milimita 115, nati nne zote mbili. Kwa macho zinafanana. Kwenye ekseli haziingiliani.

Kisha pima nafasi. Makasia yana kimo kikubwa kuliko nakshi ya kawaida, na tairi ya mchanga, kwa kuwa ni nyepesi, huvimba ikizunguka kwa kasi. Acha angalau sentimita 3 kati ya ncha ya kasia na plastiki, vyuma vya kukanyagia na mkono wa nyuma wa suspensheni. Kwadi inayogusa plastiki kidogo tu ikiwa imesimama itairarua plastiki hiyo kwenye tuta la kwanza.

Hatua ya 4: Idadi na kimo cha makasia

Huu ndio uamuzi wenyewe.

Makasia machache huzunguka kwa wepesi. Injini hufikia mizunguko yake ya nguvu haraka na hubaki hapo, hata kama ni ndogo. Hasara yake ni kwamba kila kasia linaposhika na kuachia unasikia mtikiso, na ukianza kupanda kutoka kusimama tairi linateleza kabla halijasukuma. Makasia mengi husukuma mfululizo, kwadi inatulia, na mteremko unapandika, lakini ni mazito na yanadai nguvu kila sekunde. Injini ndogo ukiipa makasia mengi hukata pumzi katikati ya tuta, nawe unalazimika kushusha gia mahali ambapo kushusha gia ni kusimama.

Kimo hufanya kazi ileile kwa njia nyingine: kasia refu huchota zaidi na hudai zaidi. Vimo vya kawaida ni nusu inchi, robo tatu ya inchi (kama milimita 19), saba ya nane ya inchi (milimita 22), na inchi nzima.

Kwa injini ya cc 250 hivi, natafuta makasia 6 hadi 8 yasiyozidi robo tatu ya inchi. Kwa kwadi ya michezo ya 400 au 450, makasia 8 hadi 10, ya robo tatu au saba ya nane. Ya 700 inaweza kubeba 10 hadi 12 ya inchi nzima. Injini zilizoongezwa nguvu hupanda zaidi ya hapo. Kwadi za watoto na zile za cc 110 mara nyingi ni bora zibaki na tairi nyepesi za kawaida zilizopunguzwa upepo, kwa sababu makasia yoyote makubwa yatainyonga injini, na mtoto hujifunza vizuri zaidi kwenye mashine isiyomrusha nyuma ghafla.

Ukisimama katikati ya saizi mbili ufanye nini? Wengi hupendekeza ndogo. Mimi huchukua yenye kimo zaidi, kwa sababu kasia refu hukatwa likawa fupi, na fupi halirefuki. Waendeshaji wa matuta wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi. Unapima kwa rula, unachora kwa chaki kwenye kila kasia, unakata kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni, milimita 3 kwa mara moja, tairi mbili sawasawa. Kisha unarudi mchangani kujaribu kabla ya kukata tena. Lakini hilo ni kwa kimo tu. Kwa idadi sina mashaka: ukisita kati ya makasia 10 na 8 kwa injini ya 450 isiyoguswa, chukua 8.

Uzito wa tairi yenyewe usiusahau. Tairi nzuri ya mchanga ina plai mbili, yaani tabaka mbili za nyuzi ndani ya mpira, na mwili mwembamba, nawe ukiinyanyua kwa mkono mmoja unashangaa ilivyo nyepesi. Gurudumu zito hula nguvu kabla hata halijagusa mchanga. Tairi nene la plai sita lenye makasia huuzwa kwa sifa ya kudumu, nayo hudumu kweli, lakini kwa injini ya kawaida ni kama kumpa mpiga kasia gogo.

Hatua ya 5: Umbo la kasia

Kasia lililonyooka kutoka ubavu hadi ubavu husukuma kwa nguvu zote moja kwa moja nyuma. Linafaa mbio za kunyooka na kupanda miteremko. Kwenye sehemu zilizoshindiliwa hugonga kama gurudumu lenye pembe, na ukipinda huleta ukaidi kwa sababu halitaki kuteleza kando.

Kasia lenye umbo la V, au lililopinda, huingia mchangani kidogo kidogo, kwa hiyo mtikiso hupungua na kwadi hupinda kwa raha. Mwenye kuzunguka matuta siku nzima, akipanda hapa na kushuka pale, atalipenda hili. Yapo pia makasia yaliyokunjwa kingo kama kikombe ili mchanga usimwagike pembeni, nayo husukuma vizuri kuliko kimo chake. Kwa Mambrui, ambapo mtu hazunguki sana kabla hajakuta ukanda mgumu au mizizi ya mivinje, nachagua V iliyokunjwa kingo bila kusita.

Hatua ya 6: Tairi za mbele

Wengi humaliza pesa nyuma wakaacha mbele na tairi za kiwandani. Kwadi itakwenda, lakini meno ya mbele hulima mchanga na kuurusha usoni, na usukani unakuwa mzito. Tairi ya mbele ya mchanga ni laini kabisa, ina mstari mmoja wa mpira uliosimama katikati kama mkuku wa dau. Ulaini unaifanya ielee juu ya mchanga, na mkuku ule ndio unaoelekeza. Yenye mistari miwili hupinda kwa upole zaidi na huwafaa wanaoanza au wenye kwadi nzito. Kwa Raptor yenye 21x7-10, chukua 21x7-10 ya mchanga au 22x8-10 ukitaka ielee zaidi.

Kumbuka tu kwamba tairi laini mbele haina breki ya kutegemea. Mchangani unapunguza mwendo kwa kuachia mafuta mapema.

Hatua ya 7: Ukiwa na kwadi ya shamba ya 4x4

Kwadi nyingi zilizoko Kenya ni za namna hii, na swali lake ni tofauti. Kwanza, ukifunga makasia nyuma tu, endesha kwa magurudumu mawili. Ukiwasha 4x4 na mzunguko wa tairi za mbele ukiwa haulingani na wa nyuma, unalazimisha gia na ekseli kupigana. Ukitaka 4x4 mchangani, nunua seti ya makasia ya magurudumu yote manne iliyotengenezwa kulingana.

Pili, nyingi huendeshwa kwa mkanda badala ya mnyororo. Mkanda huchukia mambo mawili: joto na mzigo mzito kwa mwendo wa pole. Makasia marefu yanaleta yote mawili. Tumia gia ya chini, chagua makasia ya robo tatu ya inchi au pungufu, na ukisikia harufu ya mpira kuungua simama, fungua mfuniko upoe. Mkanda wa akiba uwe kwenye begi. Nimeona safari ya watu sita ikiishia saa nne asubuhi kwa mkanda mmoja.

Mwenye kwadi ya mnyororo ana dawa nyingine: akiona injini inazidiwa, abadilishe sproketi ya mbele kwa yenye jino moja pungufu. Ni rahisi kuliko kununua tairi upya.

Hatua ya 8: Kununua

Kirinyaga Road na Grogan utapata fani, vyuma, nati, vali na fundi wa kila aina. Tairi za makasia zenyewe ni nadra dukani, na mara nyingi huagizwa kutoka Marekani au Dubai. ITP Sand Star na zile za Skat-Trak ni majina ambayo wauzaji wengi wa nje wanayajua. Ukiagiza, uliza bei ya mwisho ikiwa na usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, kwa sababu tairi ni kitu chenye nafasi kubwa na usafirishaji hutozwa pia kwa ukubwa wa mzigo. Rimu na tairi vikisafirishwa tofauti, tairi hupangwa moja ndani ya nyingine na gharama hupungua.

Ukinunua zilizotumika, fanya hivi mbele ya muuzaji. Likunje kila kasia kwa kidole gumba mbele na nyuma, ukitazama shina lake linapoungana na tairi. Ufa mdogo pale leo ni kasia lililong'oka kesho, na likitoka moja tairi linapoteza mizani. Tazama kama makasia yana kimo kimoja: yaliyolika upande mmoja yamepita lami. Tazama ukingo wa ndani unaokaa kwenye rimu, kama umechanika hautashika upepo mdogo. Kisha bonyeza ubavu. Mpira uliokaa juani miaka huwa na nyufa nyembamba kama uso wa udongo mkavu. Usinunue huo hata kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 9: Kufunga

Makasia yana mwelekeo. Ubavuni pana mshale, nao lazima uelekee mbele kwenye tairi ya kulia na ya kushoto pia. Fundi aliyezoea tairi za gari huweza kufunga zote mbili kwa namna moja, na ukizipandisha kwenye ekseli moja inasukuma na nyingine inateleza. Njia ya kuhakikisha bila mshale: simama mbele ya kwadi utazame juu ya tairi za nyuma. Lazima uuone mdomo wa kikombe cha kasia. Ukiona mgongo wake, tairi imegeuzwa.

Muagize fundi kwa lugha ya wazi: "Fundi, hii ni ya kulia, hii ya kushoto, mishale yote mbele, na usitumie chuma kirefu kwenye ukingo." Andika herufi kwa rangi ndani ya rimu. Baada ya kilomita chache za kwanza, kaza nati tena.

Barabarani kwadi isafiri kwenye trela au pikapu na tairi za kawaida, makasia yakiwa yamefunikwa. Kutoka Mariakani, njia ya Kaloleni hadi Mavueni inakuepusha na msongamano wa Mombasa. Makasia usiyaguse mpaka magurudumu yako kwenye mchanga. Lami huyakata, na kokoto huyang'oa.

Hatua ya 10: Upepo wa tairi upimwe mchangani

Hili ndilo ningelitaja kama ningeruhusiwa kumwambia mtu wa Nairobi jambo moja tu.

Geji ya tairi haipimi upepo wote ulio ndani. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Nairobi msukumo wa hewa ya nje ni mdogo, pwani ni mkubwa, na tofauti ya miji hii miwili ni karibu psi 2.5. Kwenye tairi ya gari yenye psi 32 huioni. Kwenye tairi ya kwadi yenye psi 5, ni nusu ya upepo wako. Ukijaza psi 5 Industrial Area, ukasafiri, ukashuka Mambrui, geji itakusomea kama 2 na nusu, au 3 joto la pwani likikusaidia. Hakuna pancha, hakuna vali inayovuja. Ni hewa ya baharini inayoibana tairi kutoka nje.

Na psi 2 na nusu ni hatari. Ukipinda kwa nguvu kwenye mteremko, ukingo wa tairi unatoka kwenye rimu, kwadi inaanguka upande. Ilinitokea. Nilishukuru kwamba nilikuwa chini ya tuta na wala si juu yake.

Basi tembea na geji ya upepo mdogo, ile inayosoma kutoka 0 hadi 15. Geji ya kituo cha mafuta haina maana kwa namba hizi. Tembea pia na kompresa ndogo ya betri ya gari au pampu ya mguu. Anza na psi 6 nyuma na 5 mbele. Endesha kidogo. Kama tairi inachimba badala ya kuelea, punguza psi moja, ujaribu tena. Usiende chini ya 4 kama rimu zako hazina kifunga-ukingo, ile pete inayoubana ukingo wa tairi usitoke kwenye rimu. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na upime tena mchana, maana jua la Mambrui huongeza. Na siku ya kurudi, kumbuka kwamba njiani kupanda bara geji itasoma juu zaidi.

Hatua ya 11: Jaribio la siku ya kwanza

Nenda mapema. Mchanga wa alfajiri una umande, umeshikana, na utakudanganya kwa wema wake: kila tairi hufaa saa moja asubuhi. Jaribio la kweli ni kuanzia saa tano, mchanga ukikauka. Tafuta sehemu tambarare, simama kabisa, weka gia ya pili, ondoka kwa mafuta ya kutosha. Injini ikikoroma na kuzama, makasia ni mengi au marefu mno. Ikilia juu sana na kwadi haiendi mbele, makasia hayatoshi au upepo umezidi. Ikipanda mizunguko kwa mfululizo huku ukihisi mgongo ukisukumwa, umepata. Kisha panda tuta dogo upande wa pole, ukishika mafuta sawasawa. Makasia hupenda mwendo usiokatika. Ukiachia katikati, geuza ushuke, usijaribu kuanza upya ukiwa kwenye mteremko.

Yeyote asisimame nyuma yako. Makasia hurusha mchanga kama bomba, pamoja na vigae vya matumbawe na makombe yaliyomo. Funga bendera kwenye mlingoti mrefu. Kule kwenye matuta ya Glamis, California, sheria inadai ifike futi 8 kutoka ardhini, karibu mita 2.4, kwa sababu watu wawili wanaopanda tuta moja kutoka pande mbili hawaonani mpaka wakutane kileleni. Hatuhitaji sheria ili tuifunge.

Mambrui ni mji wa kale wenye msikiti na mabaki ya kaburi la nguzo, na watu wanaishi chini ya matuta yale. Pita kwanza kwa wazee, uwaamkie, uulize njia gani inaruhusiwa na shamba la nani linaanzia wapi. Wakati wa swala zima injini. Ufuoni usiendeshe kabisa: kasa hutaga kwenye mchanga wa juu ya mstari wa maji, na gurudumu la makasia hulifukua au kulishindilia shimo la mayai bila wewe kujua kuwa lilikuwepo.

Hatua ya 12: Ukirudi nyumbani

Chumvi ya baharini haingoji wiki. Osha rimu, nati, ekseli na mnyororo kwa maji matamu siku hiyohiyo, Malindi, kabla ya safari, na ukifika Nairobi uoshe tena. Fungua kikapu cha chujio la hewa, utakuta mchanga hata kama uliufunga vizuri. Kama ulibadilisha jeti ya kabureta, irudishe ya Nairobi kabla hujaendesha, la sivyo injini itatoa moshi mweusi na plagi zitajaa masizi.

Tairi zenyewe ziondoe, zijaze psi 8 hivi ili zisikunjane, uzitundike kwa rimu, zisisimame sakafuni zikilalia makasia. Ziwe kivulini, mbali na jenereta na mashine ya kuchomelea, kwa sababu gesi inayotoka kwenye cheche hupasua mpira. Chora kwa chaki ukutani juu yake namba ulizomaliza nazo Mambrui: upepo wa nyuma, wa mbele, jeti, sproketi, na mwezi uliokwenda.